Haki ya Kusema Sitaki: Mjadala juu ya Teknolojia Saidizi katika Skuli za Unguja

Teknolojia saidizi ni jina la jumla la vifaa, programu na huduma zinazomwezesha mtu mwenye ulemavu kufanya jambo ambalo bila hivyo lingemshinda au lingemchosha kupita kiasi. Kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe na shimesikio vinafahamika na wengi, kwa sababu haja vinayoitimiza inaonekana kwa macho. Kwa mwanafunzi mwenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na namna mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na kwa mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, ambaye uwezo wake wa kuelewa na kujitegemea hukua taratibu tangu utotoni, mambo hayako wazi kiasi hicho. Kifaa kinachomfaa huweza kuwa kadi ya picha, ukanda wa ukutani unaoonyesha mpangilio wa siku, saa ya mchanga, kifuniko cha masikio, au kishikwambi kinachotamka neno baada ya kuguswa. Orodha ya vifaa saidizi vya kipaumbele iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 ina aina 50 za vifaa, na humo mbao na kadi za mawasiliano, programu za mawasiliano na vifaa vya kupangia muda vimewekwa pamoja na miwani na miguu ya bandia, bila ya kimoja kuhesabiwa anasa mbele ya kingine.

Zanzibar haianzi leo katika suala hili. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliundwa mwaka 1985, na jumuiya inayojulikana kwa kifupi cha ZAPDD, iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili na familia zao, ilishirikiana na Wizara ya Elimu na jumuiya ya NFU ya Norway kueneza elimu mjumuisho, yaani utaratibu wa kumsomesha mtoto mwenye ulemavu katika skuli ya mtaani kwao pamoja na wenzake badala ya kumtenga. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliukubali utaratibu huo, mwaka huohuo ikapita Sheria Namba 9 ya watu wenye ulemavu, na mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinaitambua elimu mjumuisho kuwa ni haki. Katika maandishi, basi, haki ya mtoto kuingia darasani haibishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni kitu gani kimngojee akishaingia.

Hoja inayowekwa mezani ni kwamba fedha chache zinazopatikana kwa ajili ya wanafunzi hawa katika skuli za Unguja zielekezwe kwanza kwenye vifaa vya kielektroniki, hasa vishikwambi vyenye programu za mawasiliano. Sauti nne zinaijadili: Mhandisi, anayeitetea, Maalim wa darasa, anayeipinga, Mama, mzazi wa mwanafunzi asiyesema kwa kinywa, na Mwanasheria, anayeitazama kwa upande wa haki. Hawa si watu maalumu wa mtaa fulani. Kila mmoja ni msimamo uliopewa kinywa ili upate kujitetea kwa ukamilifu wake.

MHANDISI. Ripoti ya kwanza ya dunia juu ya teknolojia saidizi, iliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF, inakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata hawazidi asilimia 3 ya wanaovihitaji. Pengo la ukubwa huo halizibwi kwa kusubiri wataalamu. Shahada ya kwanza ya tiba ya usemi katika Afrika Mashariki, yaani taaluma ya kuwasaidia watu wenye shida ya kusema, kuelewa lugha au kumeza, ilianzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008, na wahitimu wake hawatoshi hata kwa Uganda yenyewe. Mtaalamu wa namna hiyo hawezi kupelekwa kila skuli kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, lakini kishikwambi kinaweza. Wala si kifaa kigeni kwa walimu, kwani Sensa ya Agosti 2022 ilikusanya taarifa kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vikakabidhiwa kwa walimu. Zaidi ya hapo, uzoefu wa Tanga uko wazi: katika shindano la kimataifa la XPRIZE, lililojaribiwa huko kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijiji kiasi cha 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wengi wao wakiwa hawajapata kuingia skuli, wakajifunza misingi ya kusoma na kuhesabu. Moja kati ya programu mbili zilizogawana ushindi, Kitkit School, ilitengenezwa na kampuni ambayo waanzilishi wake walianza kazi ya programu za kujifunzia kwa sababu ya mtoto wao mwenyewe aliyezaliwa na mahitaji maalumu. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika jambo hili mgeni ameshafika bandarini.

MAALIM. Watoto wa Tanga walifundishwa herufi na hesabu, na hilo ni jema, ila jaribio lile halikupangwa kupima mawasiliano ya mtoto asiyesema wala ya mtoto anayeziba masikio kila kengele inapolia. Mwanafunzi anayezungumziwa hapa hana haja ya kuanza na herufi. Ana haja ya kwanza ya kumjulisha mtu kwamba ana kiu, kwamba kelele zimemzidi, kwamba anataka kutoka. Ama uwezo wa kifaa kufanya kazi bila ya mtaalamu, ushahidi wenyewe unaelekea kwengine. Utafiti unaotajwa sana wa Connie Kasari na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha watoto 61 wenye usonji wa umri wa miaka 5 hadi 8 waliokuwa na maneno machache mno, ulionyesha kwamba waliotumia kifaa kinachotoa sauti tangu mwanzo walizidi wenzao katika kuanzisha mawasiliano wenyewe. Lakini kifaa kile kiliwekwa ndani ya miezi kadhaa ya vipindi vya mchezo na mazungumzo, kila mtoto na mtaalamu wake, na wazazi wakafunzwa pia. Anayechukua matokeo ya utafiti huo akaacha vile vipindi amechukua ganda.

Hapa Mhandisi anakubali nusu na kukataa nusu. Anakubali kwamba kifaa hakimfundishi mtu peke yake. Anachokataa ni kwamba kadi za karatasi zinaweza kufanya kazi ileile, kwa sababu kadi haina sauti, na mtoto aliyeshika kadi anamhitaji mtu anayemtazama wakati ule ule, ilhali kifaa chenye sauti humwita mtu aliyegeuka. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Darasani mwenye watoto wengi, mwalimu mmoja hutazama huku akiitwa kule, na mtoto asiye na sauti huwa wa mwisho kuonekana kwa sababu si msumbufu. Sauti ndiyo inayompa mtu nafasi katika zamu ya mazungumzo, na mwenye picha peke yake husubiri aangaliwe.

MAALIM. Hilo la sauti ni kweli, Bwana Mhandisi, ila sauti hiyo hudumu kwa muda gani? Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila ya umeme wa gridi kwa kiasi cha miezi mitatu baada ya kuharibika kwa njia ya umeme inayotoka Tanzania Bara, na mwaka uliotangulia huo, 2008, kisiwa kilikuwa gizani kwa takriban mwezi mzima. Waya mpya wa baharini, uliokamilika 2013, umepunguza hatari hiyo, lakini mtoto ambaye maneno yake yote yamo ndani ya betri hunyamazishwa hata na kukatika umeme kwa siku mbili. Na kuna jambo la kabati. Kifaa cha bei kubwa kikiingia katika skuli ya umma huandikwa katika daftari la mali, aliyetia saini akawa ndiye mwenye dhamana, na kwa kuwa hakuna anayetaka kulipishwa kioo kilichopasuka, kifaa hufungiwa na kutolewa wageni wanapokuja. Kadi haifungiwi.

Kadi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu wanaoidharau huwa hawajaiona ikifanya kazi. Ratiba ya picha, kwa mfano, ni ukanda wa kitambaa au ubao mwembamba ambao picha za shughuli za siku hubandikwa kwa mpangilio kutoka juu kwenda chini: kikombe cha uji, daftari, mpira, birika la kutawadhia, kisha mlango wa nyumbani. Shughuli ikimalizika, mwanafunzi mwenyewe huibandua picha yake na kuitia katika kibweta, kisha hutazama inayofuata. Kwa mtoto mwenye usonji, ambaye mabadiliko ya ghafla huweza kumtia hofu inayofanana na maumivu, kitendo hicho cha kubandua kwa mkono wake humpa anachokikosa akiambiwa kwa maneno tu, yaani uhakika kwamba jambo hili limekwisha na jingine lina mwisho wake. Thamani ya ratiba hiyo huonekana zaidi unapoingia mwezi wa Ramadhani, wakati saa za skuli zinapobadilika, uji wa asubuhi unapoondoka, nyumba inapoamka kula daku, na jioni nzima inapojengwa juu ya futari. Mtoto ambaye mwaka mzima amejifunza kwamba baada ya adhuhuri kinakuja chakula hawezi kuelezwa mabadiliko hayo kwa sentensi moja. Anahitaji kuyaona siku kadhaa kabla, picha kwa picha.

Jambo hilohilo linafichua kasoro ya vifaa vingi vya kupangia muda vinavyonunuliwa tayari. Vimetengenezwa kwa saa inayoanza kuhesabiwa usiku wa manane, kwa hivyo kioo huandika 7:00 wakati mama, mwalimu na mwuza mkate wote wanasema saa moja asubuhi. Mwanafunzi asiye na ulemavu hujifunza kugeuza hesabu hiyo bila ya kufundishwa sana, ila kwa mwenye ulemavu wa akili kifaa kilichonunuliwa ili kumpunguzia mzigo kinamwongezea mwengine. Ratiba iliyopangwa kwa adhana tano, kinyume chake, inategemea ishara ambazo mtoto wa Mji Mkongwe huzisikia kila siku kutoka pande zote za mtaa wake, isipokuwa kwa yule ambaye sauti ya kipaza humuumiza masikio, na huyo ndiye anayehitaji kifuniko cha masikio kabla ya kitu kingine chochote.

MAMA. Waheshimiwa wanazungumza juu ya kadi na vishikwambi kama kwamba mzazi ameshakubali, na ilhali hofu yake ya kwanza haijajibiwa. Mtoto akipewa picha ya kuonyesha au mashine ya kumsemea, atakuwa na haja gani tena ya kuhangaika kusema? Nyumba nyingi zinakataa vifaa hivi kwa sababu hiyo. Mapenzi yapo, lakini zinahisi kwamba kukubali kifaa ni kukata tamaa ya kuisikia sauti ya mtoto.

Hofu hiyo haifai kupuuzwa, na bahati nzuri ni miongoni mwa mambo machache katika mjadala huu ambayo yana jibu la wazi. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti zilizofanywa kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia mbadala za mawasiliano, yaani ishara, picha au vifaa vya sauti. Katika kesi 27 zilizokuwa na ushahidi madhubuti, hakuna hata moja ambayo usemi ulipungua; katika asilimia 89 uliongezeka, ingawa mara nyingi kwa kiasi kidogo, na zilizobaki hazikubadilika. Pengine sababu ni kwamba mtoto akiondolewa shinikizo la kutamka hupata nafasi ya kuelewa mawasiliano ni nini, na usemi, ukiwepo uwezo wake, hufuata nyuma. Mzazi anayeambiwa achague baina ya kifaa na kinywa ameambiwa uongo, na wanaogawa vifaa wana wajibu wa kumwambia hivyo kabla ya kumkabidhi chochote.

MAMA. Basi na picha zenyewe ziwe za nyumba ya huyu mtoto. Picha zinazokuja na programu za ng'ambo zina basi la njano la skuli, uma na kisu, mtoto aliyevaa koti la baridi, na mbwa kitandani. Mtoto wa Mwembetanga au Jang'ombe hajapata kuviona hivyo. Iko wapi mbuzi ya kukunia nazi, uko wapi mkeka, kiko wapi chuo anachokwenda jioni kusoma Kurani, yuko wapi bibi yake aliyejifunga kanga?

MHANDISI. Hilo linatibika, Mama. Hazina ya ARASAAC, inayomilikiwa na serikali ya jimbo la Aragón nchini Hispania, hutoa maelfu ya picha za mawasiliano bila ya malipo, na programu huria ya Cboard, yaani inayotolewa pamoja na msimbo wake ili yeyote aweze kuibadilisha, huruhusu mzazi kupiga picha ya mkeka wake mwenyewe na kuitia kwenye ubao wa kioo. Hakuna haja ya kununua programu ya Kiingereza ya takriban dola 250 ambayo hutumika katika vifaa vya kampuni moja tu. Hata sauti ya kompyuta ya Kiswahili ipo, na makampuni makubwa yameitengeneza ya Tanzania na ya Kenya.

Picha ni sehemu nyepesi ya tatizo. Sehemu ngumu ni sarufi, na hapa Mhandisi anahitaji kusikiliza kwa muda mrefu kidogo. Mbao nyingi za mawasiliano zimejengwa juu ya lugha ambayo maneno yake yanasimama peke yake: kitufe kimoja cha mtu, kimoja cha kitendo, kimoja cha kitu, na mtoto huvigusa kwa zamu. Ukizifasiri mbao hizo kitufe kwa kitufe, mtoto wa Unguja anapata mfululizo wa mimi, hapana, taka, ambao si usemi wa mtu yeyote kisiwani, kwani hata mtoto wa miaka mitatu husema sitaki. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtendaji, wakati, mtendwa na ukanushi, na viambishi vya ngeli hubadilika kwa kila nomino, hata neno moja la kuonyeshea kitu kilicho karibu likawa huyu, hii, hiki, hili au huu. Wenzetu wa Afrika Kusini wameshakutana na tatizo hili. Watafiti wa kituo cha mawasiliano saidizi cha Chuo Kikuu cha Pretoria, walipokusanya msamiati wa msingi wa watoto wanaosema Kizulu, yaani yale machache yanayorudiwa mno katika mazungumzo ya kila siku, walikuta kwamba sehemu kubwa ya msamiati huo ni viambishi na si maneno kamili. Kiswahili ni ndugu wa Kizulu, na hakuna sababu ya kutarajia kitu tofauti.

Uzito wa jambo hilo hauonekani katika kuomba maji. Mtoto akigusa picha ya maji, ameeleweka. Lakini chukua kitenzi piga. Baina ya amenipiga na nimempiga kuna tofauti ya silabi chache, na ndani ya silabi hizo umo ukweli wote wa nani alimdhuru nani. Ubao wenye picha ya piga na picha ya mtu hauwezi kuitofautisha kauli moja na nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu hukumbwa na ukatili kwa kiwango cha mara 3.7 kuliko wenzao. Wanaohitaji zaidi kusema amenipiga ndio waliopewa ubao usioweza kulisema.

MWANASHERIA. Hapo ndipo mjadala ulipostahili kuanzia. Kifungu cha 2 cha Mkataba kimeyahesabu mawasiliano mbadala na saidizi kuwa ni mawasiliano kamili, na kifungu cha 21 kinazungumzia uhuru wa kutoa maoni. Havisemi uhuru wa kuomba chakula na choo. Ukizifungua mbao nyingi za darasani, utakuta zimejaa vitu vya kuomba na amri za kutii: uji, maji, choo, kaa, nyamaza, andika. Kinachokosekana ni sitaki, acha, nani, kwa nini, na unaniumiza. Mtoto aliyefundishwa kuomba na kutii peke yake amefundishwa utiifu kwa njia ya picha, na haijalishi kama picha hiyo iko kwenye karatasi au kwenye kioo.

MAALIM. Mwanasheria hajakaa darasani. Mtoto akipewa kadi ya sitaki, ataitoa kwa kila somo kuanzia asubuhi hadi kengele ya kurudi nyumbani, na mwalimu aliyebakiwa na watoto arobaini wengine atafanya nini? Skuli ina mambo ambayo hayana hiari.

MWANASHERIA. Kuyajua ambayo hayana hiari ni sehemu ya kuelewana, Maalim. Mtoto mwenye kinywa husema sitaki, akaambiwa maliza hili moja kisha utapumzika, na wote wawili wakajua kwamba kauli imesikika. Anayenyimwa kadi hiyo husema neno lilelile kwa kutupa daftari au kuuma mkono wake, na hapo huandikiwa kuwa ana tabia mbaya.

Maalim ana haki ya kulalamikia idadi ya watoto, na lalamiko hilo linapaswa kufika kwa wanaopanga walimu. Lakini katika kiini cha suala, Mwanasheria ndiye aliye sawa, na hoja yake inatoa kipimo ambacho kinafaa kuliko kile cha kuuliza kama kifaa kina umeme au hakina. Kipimo ni kama kifaa kinamwezesha mwanafunzi kusema jambo ambalo mtu mzima aliye mbele yake hakulitazamia. Kwa kipimo hicho ubao wa karatasi wenye sitaki na acha unakishinda kishikwambi chenye picha mia tatu za vyakula, na kishikwambi kinachojua kutofautisha amenipiga na nimempiga kinazishinda kadi zote. Swali la kielektroniki au karatasi linabaki kuwa la pili.

Kipimo hicho pia kinaonya dhidi ya hatari ya upande wa pili, ambayo historia yake ni chungu. Njia iliyoitwa mawasiliano wezeshi, iliyoanzia Australia kwa Rosemary Crossley katika miaka ya 1970 na kupelekwa Marekani na Douglas Biklen mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilimtaka msaidizi aushike mkono wa mtu mwenye ulemavu ili aweze kubonyeza herufi. Sentensi zilizotoka zilikuwa nzuri ajabu, na wazazi wengi walilia kwa furaha. Lakini msaidizi na anayesaidiwa walipoonyeshwa picha tofauti bila ya kujua, jibu lililoandikwa lilikuwa la picha aliyoiona msaidizi. Chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani kiliikataa njia hiyo, na mwaka 2018 kikarudia tena kuikataa. Maneno yale hayakuwa ya watoto, na baadhi ya familia zilivunjika kwa tuhuma ambazo mtoto hakuzitoa. Kwa hivyo kifaa chochote kitakachoingia Unguja kinapaswa kuguswa na mkono wa mwanafunzi mwenyewe, hata kama ni polepole, hata kama ni picha moja kwa siku.

MHANDISI. Ikiwa kipimo ni hicho, kazi ya ubao wa Kiswahili wenye viambishi haiwezi kufanywa na wahandisi peke yao.

Na haihitaji kufanywa nao peke yao, kwani huenda hakuna mahali palipojaaliwa wajuzi wa lugha hii kama Unguja. Kiunguja ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930. Lipo Baraza la Kiswahili la Zanzibar; ipo taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la TAKILUKI pale Vuga; wapo watunga kamusi, walimu wa vyuo vya Kurani wanaojua namna mtoto anavyoshika maneno kwa mahadhi, na kina mama wanaojua mtoto huanza na viambishi vipi. Kuwakusanya watu hao wasikilize mazungumzo ya watoto wa mitaani, wahesabu vipande vya lugha vinavyorudiwa zaidi na kuvipangia vitufe, ni kazi ya miezi kadhaa na ya gharama ndogo. Kikishapatikana, kipangilio hicho kinaweza kuchapwa kwa karatasi na kupigwa plastiki katika duka lolote la vifaa vya kuandikia pale Darajani, na kipangilio hichohicho kikaingizwa katika programu huria. Mtoto wa Makunduchi, ambaye nyumbani kwao husemwa Kikae, atahitaji ubao wenye maneno ya kwao, na hakuna kampuni ya ng'ambo itakayomfikiria kabla ya watu wa Unguja wenyewe kumfikiria.

MAALIM. Na nani atamfundisha mwalimu na mzazi kuutumia?

Uzoefu wa pwani hii unatoa mwanga. Huko Kilifi, Kenya, Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao walijaribu mpango wa mawasiliano saidizi wa nyumbani kwa watoto wasiosema, wakautolea maelezo mwaka 2014; vifaa vilikuwa vya kawaida, mambo mengi yalifanyika ndani ya ua wa nyumba pamoja na mlezi, na walezi walieleza kwamba mawasiliano yao na watoto yalibadilika. Utafiti ulikuwa mdogo na haupaswi kubebeshwa usichoweza kubeba, lakini unaonyesha kwamba mafunzo yanaweza kuanza kwa mlezi bila ya kungoja kliniki. Zanzibar yenyewe, katika mradi wa masomo ya redio wa miaka ya 2006 hadi 2010, ulioleta vipindi vya Tucheze Tujifunze, iliwafikia watoto wadogo ambao hawakuwa na skuli ya maandalizi kwa kuitumia redio pamoja na mtu mzima wa kijijini aliyefunzwa kukaa nao. Redio ile haikuachiwa watoto peke yao, na kwa sababu hiyo ilifanya kazi.

MAMA. Liko moja limesahauliwa. Skuli ikifungwa, kifaa hubaki skuli. Mtoto akimaliza darasa la mwisho, kifaa hubaki skuli. Je, kinywa cha mtoto ni mali ya Wizara?

MWANASHERIA. Si mali ya Wizara, Mama, na hilo lina dawa ya kiutawala. Kifaa cha mawasiliano kiandikwe kwa jina la mwanafunzi, kama anavyoandikiwa mgonjwa miwani yake, kitoke katika daftari la mali ya skuli siku kinapokabidhiwa, na mwalimu aondolewe dhamana ya kukilipa. Kikipotea, nakala ya karatasi ya ubao uleule iwe tayari iko mfukoni mwa mtoto na nyingine kwa bibi yake.

MAALIM. Kwa sharti hilo, vishikwambi na vije. Ila kadi ya sitaki itangulie, na itangulie mwaka huu.